Mlango Wenye Chaki: Kulea Mtoto Mwenye ADHD Nyumbani Kwetu Kitangiri

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa jijini Mwanza, na nyumbani Kitangiri nina mapacha wa darasa la tatu, Kulwa na Doto. Kulwa ni msichana, Doto mvulana. Wamelala tumbo moja, wamenyonya ziwa moja, wanakula ugali wa sufuria moja. Ukimtuma Kulwa chumvi, anarudi na chumvi na chenji. Ukimtuma Doto chumvi, anarudi jioni na kipande cha waya, habari za mtumbwi mpya ulioshushwa majini, na swali: "Chumvi gani, mama?" Doto ana ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini uyumbe, mwili usitulie na mambo yafanywe kwa papara. Wanaoniambia kwamba ni malezi, huwa nawauliza Kulwa amelelewa na nani.

Namwandikia mzazi anayejiuliza kesho asubuhi aanzie wapi. Mimi si daktari. Ninachokijua ni nyumba yangu, pamoja na yale niliyoelezwa na wenye taaluma nikayajaribu kati ya jiko, mwalo na shule.

Kabla hujasema ni ADHD

Masikio kwanza. Mtoto aliyetokwa usaha masikioni kwa muda mrefu anaweza kuwa hasikii vizuri, naye ukimwita asigeuke utasema ana kiburi. Macho nayo yapimwe. Kisha chunguza usingizi: anayekoroma usiku kucha mdomo wazi huamka na uchovu, na uchovu wa mtoto mara nyingi hutokea kama utundu. Halafu kuna kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto anaduwaa sekunde chache, macho wazi, ukimgusa haitiki, kisha anaendelea alipoishia kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiona hivyo mrekodi kwa simu umwonyeshe daktari, kwa sababu hiyo ina matibabu yake na haifai kungoja.

Anzia kituo cha afya cha karibu, upate barua ya rufaa kwenda Sekou Toure, hospitali yetu ya mkoa, au Bugando, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Kibao cha idara hiyo huwarudisha wengi nyumbani. Wewe ingia. Utakuta wazazi wamekaa kwenye benchi na watoto wanaopanda na kushuka benchi hilo hilo, na kwa mara ya kwanza hakuna atakayekukazia macho.

Daktari hatapiga picha ya ubongo ili kujua. Hakuna kipimo cha damu wala cha picha kinachothibitisha ADHD, na anayekuuzia kimoja anataka hela yako. Damu ikichukuliwa, ni kuondoa shaka ya magonjwa mengine. Kinachotumika ni maswali. Kuna dalili 9 za umakini kuyumba, na 9 za kutotulia na kufanya mambo kwa papara. Mtoto awe na angalau 6 za kundi moja au za yote mawili, ziwe zimedumu si chini ya miezi 6, zimejitokeza kabla hajafikisha miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja, na ziwe zinamharibia maisha. Hilo la sehemu zaidi ya moja ndilo linalowakwamisha wazazi. Ukienda na maneno yako tu, umebeba nusu ya ushahidi. Nunua daftari dogo uandike: alifanya nini, saa ngapi, na muda mfupi kabla ya hapo kulikuwa na nini. Mwombe mwalimu aandike ya kwake. Beba na madaftari ya shule, hasa yale ambayo hesabu tatu za kwanza zimepata vema na zilizobaki zimeachiwa nafasi ya picha ya mtumbwi.

Kama una binti anayekaa kimya akitazama dirishani, anayeitwa mzito, usimruke. Umakini unaweza kuyumba bila mwili kuhangaika, na kwa kuwa watoto hao hawamsumbui mtu, wengi hugundulika kwa kuchelewa.

Utaambiwa pia kwamba ni soda, ni pipi, ni katuni. Sukari ilichunguzwa sana miaka ya 1990 na haikukutwa na hatia. Kinachobeba uzito mkubwa ni urithi: tafiti za mapacha zinauweka kati ya asilimia 70 na 80. Mama mkwe aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika ubavu, huku akimtazama mwanawe, baba Kulwa, aliyekuwa anasaka nyumba nzima ufunguo wa pikipiki uliokuwa mfukoni mwake.

Mlango ukumbushe, si mdomo wako

Muulize Doto mtu anatakiwa afanye nini asubuhi kabla ya kwenda shule. Atakutajia vyote, kwa mpangilio, kwa sauti ya mkaguzi wa elimu. Kujua anajua. Kinachomponyoka ni kukitumia anachokijua katika dakika ile kinapohitajika. Ukilielewa hilo utaacha kumhubiria usiku juu ya kesho, maana mahubiri ya usiku hayafiki asubuhi. Ukumbusho ukae pale pale kazi inapofanyikia, uonekane au usikike wakati ule ule.

Kwangu kulikuwa na sababu nyingine. Biashara ya dagaa inafuata mwezi. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola, na taa hushinda pale tu anga likiwa jeusi. Siku za mbalamwezi kubwa mitumbwi hupumzika nami niko nyumbani. Giza likirudi, naondoka alfajiri watoto wamelala. Utaratibu unaokaa mdomoni mwa mama ungekuwa unakufa na kufufuka kila mwezi. Kwa hiyo tumeuhamishia mlangoni.

Mlango wetu wa uani ni wa mbao, na upande wa ndani tumeupaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kila jioni Doto mwenyewe anachora kwa chaki picha tano kutoka juu kwenda chini: mswaki, kikombe cha uji, shati, kiatu, begi. Picha ni bora kuliko maneno, kwa sababu maneno yanataka msomaji na alfajiri nyumba hii haina msomaji. Achore yeye, hata kama kiatu chake kinafanana na kiazi. Akimaliza jambo analifuta kwa kiganja, na kule kufuta ndiko kunakomwonyesha kinachofuata. Tano zinatosha. Nimeona nyumba yenye orodha ya mambo kumi na tano ukutani, imechapwa na kufunikwa kwa plastiki, inapendeza kweli kweli, na mtoto mwenyewe haiangalii.

Karibu na mlango huo huo kuna msumari mmoja wa sare yote, soksi zikiwa ndani ya mfuko wa kaptula. Kuna ndoo kuukuu ya viatu. Begi linalala chini ya msumari likiwa limefungwa tangu jioni, na peni imefungwa kwa uzi kwenye mkanda wa begi, kwa sababu peni isiyofungwa kwa Doto ni peni ya mtaa mzima. Sharti gumu liko kwa watu wazima. Ukihamisha ndoo ya viatu ili udeki na usiirudishe, umevunja kumbukumbu ya mtoto, na kesho usimgombeze.

Muda nao utolewe kichwani. "Bado dakika kumi" kwa Doto ni sawa na "bado." Tunatumia kitochi, ile simu ndogo, chenye milio miwili tofauti: wa kwanza ni wa kuvaa viatu, wa pili ni wa kutoka. Kiweke juu asikofika. Kitochi kina mchezo wa nyoka, na nyoka huyo ameshawachelewesha watoto wengi wa Kitangiri.

Ukitaka kumtuma, usipige kelele kutoka jikoni. Nenda alipo, mguse bega, taja jina lake, subiri macho yake, kisha sema jambo moja: "Doto, jaza dumu." Mwambie alirudie. "Jaza dumu, umwite dada yako, halafu usisahau kufungia kuku" ni kazi tatu, na utaletewa kuku. Amri nayo iwe amri. Ukisema, "Doto, kwa nini hujajaza dumu?" umeuliza swali, naye ni mtoto mkarimu, atakujibu kwa kirefu. Dumu likijaa, sema ulichokiona: "Umejaza bila kumwaga." Sifa ya jumla, "mtoto mzuri," inapita bila kugusa kitu.

Vizibo

Ahadi ya nguo za Krismasi haimwamshi mtoto huyu mwezi wa tatu. Malipo yawe karibu na tendo. Sisi tunatumia vizibo vya soda, ambavyo mwenye duka hukupa bure na kukushukuru. Kila picha iliyofutwa mlangoni kabla ya mlio wa pili ni kizibo kimoja, kinachotumbukizwa na Doto mwenyewe kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, akikiona na kukisikia kinavyogonga. Vitano ni dakika chache za simu yangu. Kumi ni kupanda pikipiki na baba yake hadi Pasiansi na kurudi. Chupa ikijaa hadi alama ya wino, tunakwenda kwenye kivuko cha Kamanga kutazama malori yakipakiwa, jambo ambalo Doto analiona kubwa kuliko sikukuu. Bei hizo tulipanga pamoja naye, na yeye alikuwa mgumu wa bei kuliko wateja wangu.

Kizibo kilichoingia hakitoki. Mtoto akikosea, kosa lina malipo yake, lakini usiitie mkono ile chupa. Ukianza kunyang'anya, siku ya pili anaiona chupa kama mtego na anaiacha. Halafu lipa leo. Baba Kulwa mwanzoni aliita vizibo hongo, nikamuuliza kama angebeba abiria mpaka Igoma bila kulipwa kwa kuwa ni wajibu wake. Tangu hapo analipa. Zawadi ikianza kupoa, na itapoa, badilisha zawadi kabla hujalaumu mtoto.

Adhabu iwe fupi, ijulikane kabla, ianze papo hapo na iishe. Mpira ukirushwa ndani ya nyumba, unapanda juu ya kabati mpaka wakati wa chakula. Usiuweke wiki nzima: kwa mtoto huyu wiki ni mbali mno, na akiona ameshapoteza kila kitu hana sababu ya kujizuia leo.

Bibi, mila na kiboko

Mama mkwe alikuja kutoka Magu kunisaidia, akaja na maelezo mawili. La kwanza ni kwamba mapacha hawa hawakufanyiwa mila zao, ndiyo maana mmoja hatulii. La pili lilikuwa kiboko. Akasema, "Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi."

Sikushindana naye juu ya mila. Niliitikia "ndiyo, mama," na hospitali tukaenda. Watu wengi wanadhani lazima uchague. Mimi naona bibi anayeombea au kutambikia na wakati huo huo anamkumbusha mtoto kufuta mlango hanidhuru chochote. Ninachokataa ni dawa ya kunyweshwa na kuchanjwa chale. Hapo husema hapana mbele ya yeyote, kwa heshima lakini bila kupepesa, na baba Kulwa ndiye anayebeba ujumbe kwa wazee wa kiume, maana ukibebwa na mimi unageuka utovu wa adabu.

Kuhusu kiboko nilimjibu kwa lugha ya mwaloni: "Mama, samaki anakunjwa kwa mkono, hapigwi rungu." Alicheka, hakukubali. Kilichombadilisha ni kazi. Tulimpa yeye cheo cha mlipaji wa vizibo siku za giza nisipokuwepo. Mtu akishika chupa ya malipo anaanza kutafuta la kulipia, naye akaanza kuniambia nikirudi, "Leo kafuta vinne bila kelele." Kabla ya hapo ripoti zote zilikuwa za mashtaka. Kama una mzee nyumbani anayepinga mpango wako, usimweleze zaidi. Mkabidhi sehemu ya mpango aiendeshe.

Sababu ya kuacha kiboko ni ya kikazi kabisa. Kinakuja kimechelewa, baada ya tendo, na tatizo la mtoto huyu liko sekunde moja kabla ya tendo. Anakumbuka maumivu na aliyempiga, hakumbuki chanzo. Isitoshe, mtoto wa aina hii tayari anasikia "acha," "kaa," "wewe tena" kuanzia asubuhi hadi anapolala, na kuongeza ukali juu ya hapo kunamfanya ajizoeze kutosikia.

Mwili upewe kazi

Nikianika dagaa, kazi ya Doto ni kuwafukuza kunguru na yangeyange wasishuke kwenye vichanja. Kulwa aliwahi kupewa kazi hiyo akaichukia. Doto yuko tayari kuifanya mpaka jua lizame: inataka macho yanayorukaruka, miguu isiyochoka, na matokeo yanaonekana hapo hapo, ndege anaruka. Tafuta kwenye nyumba yako kazi ya namna hiyo. Kuteka maji, kupeleka ujumbe mmoja wa mdomo kwa jirani, kutwanga, kupakua magunia matupu. Kazi ya kukaa na kuchambua mchele mpe mwingine, au mpe aifanye akiwa karibu na bibi anayesimulia hadithi, maana hadithi humshika.

Kazi za shule tunazifanya kabla hajachoka, yaani baada ya kula na kukimbia, si saa mbili usiku. Meza haina kitu kingine. Ukurasa unafunikwa kwa karatasi, zionekane hesabu tano tu. Akimaliza tano anapeleka ndoo tupu uani, anarudi, tano nyingine. Anaruhusiwa kusimama, Doto anagawanya vizuri zaidi akiwa amesimama mguu mmoja, na sijaona kanuni ya hisabati inayokataza. Mtu mzima awe pale jirani akifanya shughuli yake, si lazima afundishe. Kulwa afanyie zake chumba kingine. Zikizidi nguvu, andika kwenye daftari, "Amefanya kwa dakika ishirini, tumeishia hapa," uweke sahihi. Walimu wengi hulipokea hilo vizuri kuliko majibu yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mama.

Usingizi humjia kwa shida. Tunachofanya ni kuzima simu na televisheni mapema, kuoga maji ya vuguvugu, na kuchora mlango kama kazi ya mwisho, saa ile ile kila siku, hata Jumamosi.

Kumwendea mwalimu

Mwalimu ana darasa limejaa na chaki yake anainunua mwenyewe wakati mwingine. Ukiingia na karatasi ya hospitali na somo zima la ADHD, umemwongezea mwanafunzi mwingine, wewe. Nenda baada ya vipindi, salimia, mwambie hukuja kulalamika. Kisha omba jambo moja. Mimi nilisema, "Mwalimu, naomba Doto akae dawati la mbele, mbali na dirisha. Nitarudi wiki ijayo unieleze kama limesaidia." Liliposaidia ndipo nikaomba la pili: awe mfuta ubao na mgawa madaftari, ili apate ruhusa ya kusimama. La tatu lilikuja baadaye, alama ya siri kati yao, mwalimu akigusa kona ya dawati bila kutaja jina lake mbele ya wenzake.

Tuna pia daftari dogo la kwenda na kurudi lenye mistari mitatu kwa siku: amebaki mahali pake, ameanza kazi, amenyoosha mkono kabla ya kusema. Mwalimu anaweka vema au anaacha wazi, haandiki neno. Vema moja nyumbani ni kizibo kimoja.

Kuhusu viboko vya shule, mzazi ajue kanuni za mwaka 2002 zinasemaje: mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Sikuambii uende nazo shuleni kama silaha siku ya kwanza. Ila zijue, ili siku ukilazimika kuzungumza na mwalimu mkuu uzungumze kwa utulivu wa mtu anayejua anachosema.

Ziwa, mawe na barabara

Hapa sipendi utani. Mtoto wa papara huumia zaidi ya wenzake popote alipo, na sisi tunaishi kati ya mawe ya mlimani, barabara ya Makongoro na maji. "Kuwa mwangalifu" haimwambii kitu. Mwekee mpaka wa kuonekana kwa macho. Njia yetu ya kwenda ziwani ina jiwe kubwa tulilolipaka rangi nyeupe. Miguu ya Doto inasimama hapo mpaka ashike mkono wa mtu mzima, kila mara, hata kama maji yako mbali bado. Tulilifanyia mazoezi siku ambazo hatuendi ziwani kabisa, tukifika kwenye jiwe, tukisimama, kizibo, tukirudi. Barabarani mpaka ni nguzo ya umeme.

Waambie watu wa mwaloni. Walinzi wa mitumbwi, mama lishe, wanaoshona nyavu, wote wana namba yangu na wote wanajua kwamba wakimwona Doto peke yake chini ya jiwe jeupe wanipigie bila kuuliza. Wavulana wanaokaa ufukweni kutwa ni walinzi wazuri ukiwaomba kwa heshima. Mfundishe kuogelea mapema, kwa mtu mzima anayejua, na asikose dawa za kichocho zinapotolewa shuleni, maana kichocho kipo ziwani na yeye majini ataingia tu.

Kwenye kivuko au mtumbwi, jaketi okozi livaliwe kabla ya kupanda, lifungwe kamba zote. Baada ya kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 hakuna mtu wa kanda hii anayehitaji kuelezwa sababu. Mpe kazi safarini, kama kuhesabu majaketi yaliyotundikwa, na ukae naye katikati, si pembeni.

Dawa

Dawa za ADHD zipo na kwa watoto wengi zinasaidia. Inayojulikana zaidi, methilifenideti, ilitengenezwa mwaka 1944 na ikaanza kuuzwa miaka ya 1950. Inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, kwa hiyo daktari hufuatilia uzito, urefu, mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 miongozo ya madaktari huanza na mafunzo kwa mzazi; kwa mkubwa zaidi dawa na malezi huenda pamoja. Ukiandikiwa, uliza mapema inapatikana wapi, kwa bei gani, na ikikosekana mwezi ujao mfanye nini. Ni dawa inayodhibitiwa. Usinunue kwa mtu, usigawe kwa jirani. Na tafadhali, zile dawa za mafua zinazolewesha, ambazo baadhi ya wazazi huwapa watoto ili nyumba itulie, si matibabu ya kitu chochote kati ya haya.

Kulwa

Nyumba yenye mtoto kama Doto humfanya ndugu yake kuwa askari. Utasikia, "Mama, Doto hajafuta kiatu." Mwitikie kwa upole na usitumie taarifa hiyo. Ukimtegemea Kulwa kama ukumbusho, umemnyima utoto, na Doto ataanza kumchukia pacha wake. Kulwa ana sanduku lenye kufuli ambalo Doto haruhusiwi hata kulisogelea, kitu chake kikiharibiwa kinalipwa, kwa vizibo vipya vya Doto, si kwa maneno ya "mvumilie ni mgonjwa." Ana chupa yake pia, kwa malengo yake mwenyewe, kwa sasa ni kusuka nywele. Siku za mbalamwezi, nikiwa na nafasi, tunatoka wawili kwenda sokoni Kirumba, na njiani anaruhusiwa kusema kwamba pacha wake anamchosha. Simkatizi. Wananiita mama Kulwa kwa kuwa yeye alitangulia kutoka, Doto alipouliza kwa nini haitwi mama Doto, Kulwa alimwambia, "Ungewahi."

Na wewe mzazi upate saa moja ya kutokuwa na zamu. Kwetu ni Jumapili alasiri, baba Kulwa anawachukua wote wawili, nami sijibu simu isipokuwa ya mwaloni.

Likizo ikivuruga kila kitu

Mwezi wa sita na wa kumi na mbili utaratibu utabomoka, hasa mkienda kwa bibi Magu ambako hakuna mlango mweusi wala kengele. Uache ubomoke. Bakiza mambo mawili tu huko, saa ya kulala na mpaka wa maji. Kisha rudini mjini siku chache kabla ya shule kufunguliwa, wala si usiku wa mwisho, muanze upya. Anzeni na picha mbili mlangoni, si tano, muongeze moja moja. Zawadi za vizibo zipangwe upya, maana za zamani zimeshapoa. Na mwalimu mpya muwahi siku ya kwanza, kabla dawati la mbele halijapata mtu.